Re: Mchekeshaji akitukana watu, bado anachekesha?

Ndugu, umeuliza kama vichekesho vya kukera vinaweza kuchekesha kweli. Vinaweza, ila tusi peke yake halichekeshi. Chukua utani wa Wangoni na Wahehe wa Iringa, makabila ya Tanzania yaliyopigana karne ya 19 na baadaye yakawa watani, yaani wana ruhusa ya kukejeliana bila kugombana. Ukisema tu "Wahehe wanakula mbwa", umerudia la miaka yote. Sema mbwa wa Iringa wakisikia harufu ya kitunguu wanahama mtaa. Hapo kuna picha. Hilo "wanahama mtaa" likae mwisho kabisa, kisha nyamaza hadi kicheko kipungue. Ukiongeza maelezo, umekiua.

Shida kubwa ni jukwaa lenyewe: kwenye utani Mhehe anakujibu papo hapo, ukumbini ameketi kimya. Kwa hiyo Mngoni aanze kwa kuwasema Wangoni wenzake. Mlemavu au mfiwa usimguse, huyo si mtani wako.