Farasi wangu anaganda langoni

SWALI: Shikamoo Mzee. Mimi ni saisi, yaani mtunza farasi, hapa Karen, Nairobi, huu ni mwaka wangu wa pili. Nimekabidhiwa farasi jike wa miaka 4, jina lake Tausi. Nikitoka naye nje, kwenye njia za vumbi, anatembea raha mustarehe. Nikimwingiza uwanjani anazunguka mara mbili tu, kisha anaganda penye lango, masikio kayalaza nyuma, mkia anauchapa huku na huku. Bosi anasema ni ukaidi, nimchape. Nilimchapa mara moja, na kesho yake akakataa hata kutandikwa. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kwanza weka kiboko chini. Tausi alishakujibu siku ile alipokataa tandiko.

Anza na mdomo. Katika umri huo farasi bado anabadilisha meno: ya mbele hung'oka kwa awamu, karibu na miaka 2 na nusu, 3 na nusu, na 4 na nusu, na magego nayo hubadilika katika kipindi hicho hicho. Sasa fikiria. Huko nje unamlegezea hatamu, anakwenda moja kwa moja. Uwanjani, hata uwe wa mita 20 kwa 40, kona haziishi, na kila kona unavuta, lijamu, kile chuma cha mdomoni, inagusa palepale panapouma.

Nililea dume mmoja aliyehasiwa, kule Langata, ambaye tulimchapa wiki tatu nzima kwa kosa hilohilo. Daktari alipokuja akatoa kijino kilichokuwa kimechomoza mbele ya magego, mahali lijamu inapopita. Nilikipokea kiganjani, kidogo kama punje ya mahindi, kina damu. Dume yule alirudi uwanjani baada ya siku chache kama si yeye. Mpaka leo nikikumbuka viboko vile moyo huniuma, ndiyo maana nakuandikia kwa kirefu hivi.

Kisha mgongo. Pitisha vidole taratibu pande zote mbili za uti, kuanzia mabegani. Akijikunja au ngozi ikitetemeka, tazama tandiko. Farasi mchanga anapanuka, na lililomkaa vizuri miezi michache iliyopita huenda sasa linambana. Mtazame ufizi pia. Ukiwa mweupe au wa manjano, au joto limepita 38.5, hiyo huenda ni homa ya kupe. Mwite daktari, usimpande.

Akionekana mzima, mrudishe uwanjani bila haraka. Nusu saa kabla, mpe nyasi kidogo, kwa maana tumbo la farasi hutoa asidi muda wote, hata likiwa tupu. Mwongoze kwa miguu siku mbili tatu. Kama kuna kona anayoikwepa, simama naye hapo uangalie anachokiangalia: mimi niliwahi kuhangaika na kona moja kumbe kwarara walikuwa wakitua nyuma ya ua kila asubuhi.

Ukianza kumpanda, dakika 15 zinatosha. Na hapa ndipo wengi tunakosea: tunamaliza kazi langoni. Farasi anajifunza kwamba pumziko liko langoni, ndipo anapoganda. Wewe maliza upande wa mbali. Akienda matiti, yaani mwendo wa mbio za polepole, vizuri hatua chache tu, msimamishe hapo hapo, shuka, legeza mkanda wa tumbo, mkune shingo, umwache apumue. Halafu mtoke pamoja kwa miguu. Wala usimpande kila siku; mifupa ya mgongo wake itaendelea kukomaa mpaka akaribie miaka 6.

Kwa bosi usiende na mabishano. Mwombe tu amlete daktari wa meno, na siku hiyo uwepo, umshike Tausi wewe mwenyewe kwa sababu anakujua. Kabla hajafika, mchunguze akila: anatafunia upande upi, na je, anadondosha nyasi zilizosokotwa kama vibonge? Mwambie daktari, nami uniandikie.