Kwa nini kwenda huchukua muda mrefu kuliko kurudi?

SWALI: Mhariri, tiketi yangu ya ndege inaonyesha kwamba nitaondoka London saa 5 asubuhi na kufika New York saa 8 mchana siku hiyo hiyo, wakati wa kurudi nitaondoka saa 3 usiku na kufika saa 3 asubuhi. Iweje kwenda kuchukue saa 3 na kurudi saa 12? Na ikiwa dunia huzunguka kuelekea mashariki, mbona New York haisogei kuilaki ndege?

JIBU: Saa ya kuondoka huandikwa kwa majira ya mji unaoondoka, na ya kufika kwa majira ya mji unaofikia. New York iko nyuma ya London kwa saa 5, isipokuwa majuma machache ya Machi na moja hivi kuelekea Novemba, ambapo tofauti huwa saa 4 kwa sababu Marekani na Uingereza hazibadilishi saa siku moja. Ukiongeza 5 kwenye 3, safari ya kwenda ni saa 8. Ukitoa 5 katika 12, ya kurudi ni saa 7.

Inabaki tofauti ya saa moja, nayo haitokani na mzunguko wa dunia, kwa kuwa hewa ambamo ndege huruka huzunguka pamoja na dunia. Inatokana na upepo. Kwenye kimo cha kilomita 10 hivi, juu ya Atlantiki ya Kaskazini, hupita mkondo wa upepo mkali unaovuma kutoka magharibi, ambao mara nyingine huzidi kilomita 200 kwa saa. Umbali kati ya miji hiyo ni kama kilomita 5,550. Ndege yenye mwendo wa kilomita 900 kwa saa, ikikabiliwa na upepo wa 100, husonga kwa 800 tu na kutumia karibu saa 7 angani. Upepo huo huo ukiwa wa tezi, kama wasemavyo mabaharia, yaani ukivuma kutoka nyuma, ndege husonga kwa 1,000 na kutumia saa 5 na nusu hivi. Muda ulioandikwa kwenye tiketi huwa mrefu zaidi, maana unajumuisha kujongea uwanjani, kupaa na kusubiri zamu ya kutua. Februari 2020, wakati wa dhoruba, ndege moja ya abiria ilitoka New York ikafika London kwa saa 4 na dakika 56.

Usishangae pia kuona kwenye skrini ya kiti chako kwamba ndege inapanda kaskazini kwanza, ilhali New York iko kusini zaidi ya London. Chukua tufe la dunia, ubane ncha moja ya uzi juu ya London na kuuvuta mpaka ukaze juu ya New York: utaona umelalia Ireland, kisha kisiwa cha Newfoundland huko Kanada, kabla ya kushuka. Hiyo ndiyo njia fupi. Mstari ulionyooka kwenye ramani bapa ni mrefu zaidi. Hata hivyo, rubani anayeelekea magharibi aghalabu huiacha kidogo ili aukwepe ule mkondo, kwani kilomita za ziada humgharimu muda mchache kuliko kupambana na upepo.