Kipokezi cha nini, au kipokezi kipi?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni muuguzi katika kliniki ya shinikizo la damu, na huwa natafsiri vipeperushi vya Kiingereza kwa ajili ya wagonjwa. "Insulin receptor" niliiandika kipokezi cha insulini, nikaeleweka. Nilipofika kwenye "ACE2 receptor" nikaandika kipokezi cha ACE2, na daktari mmoja akakifuta kile "cha" kwa kalamu nyekundu bila maelezo. Nimekosea wapi?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Ndugu msomaji, daktari alifuta kwa haki, ingawa angekufaa zaidi kama angeandika sababu pembeni. Kiingereza huweza kupanga nomino mbili bila kiungo chochote, kikamwachia msomaji kazi ya kung'amua zinahusianaje. Kiswahili hakitupi nafasi hiyo, kwa kuwa tukishatia "cha" tumekwisha kusema ni kipokezi cha kupokea nini.

Katika "insulin receptor", neno la kwanza linataja kinachopokelewa: insulini hufika kwenye utando wa seli ya msuli, hunasa kwenye protini iliyochomoza hapo, na seli huanza kuvuta sukari kutoka kwenye damu. Katika "ACE2 receptor", neno la kwanza ni jina la hiyo protini inayopokea. ACE2 ni kimeng'enya kilichotambuliwa mwaka 2000, na mojawapo ya kazi zake ni kukata ncha ya angiotensini II, homoni inayobana mishipa ya damu. Mwaka 2003 iligunduliwa kwamba kirusi cha SARS hukishika kimeng'enya hicho ili kuingia ndani ya seli, na baadaye kirusi cha UVIKO-19 kikapita mlango huo huo. Kinachopokelewa hapo ni kirusi; kwa hiyo andika "kipokezi ACE2". Tena, kwa wagonjwa wako hasa, angalia usichanganye: losartan, dawa ya kushusha shinikizo la damu, huziba kipokezi cha angiotensini II, ambapo "cha" ni sahihi kabisa, wala haizibi ACE2.

Kuna mahali ambapo "cha" inakubalika na bado jina likapotosha. Mwaka 1905 John Newport Langley wa Cambridge alieleza majaribio yake juu ya kuku: nikotini iliikaza misuli yao, sumu ya kurare ikailegeza, na nikotini iliendelea kufanya kazi hata pale ambapo neva za msuli zilikuwa zimekatwa na kufa. Akahitimisha kwamba ndani ya msuli wenyewe kuna kitu kinachopokea, akakiita "receptive substance". Neno "receptor" lilikuwa limekwisha kutumiwa na Paul Ehrlich huko Ujerumani. Leo kipokezi kile cha msuli kinaitwa kwa Kiingereza "nicotinic receptor", ilhali mwilini kinapokea asetilikolini inayotolewa na ncha za neva. Nikotini ni mgeni tu aliyebisha hodi mbele ya watafiti, mlango ukapewa jina lake. Ukikutana nacho, mimi ningeandika "kipokezi cha asetilikolini, aina ya nikotini". Jina ni refu, nakiri, lakini mgonjwa hatadhani kwamba msuli wake uliumbwa ukisubiri sigara.