Kabla ya kugusa BIOS, tafuta tarakimu 48

Laptopu nyingi mpya za Windows 11 ninazoletewa zimeshasimbwa diski, yaani data imegeuzwa isisomeke bila ufunguo, na wenyewe hawana habari. Kiwandani huandaliwa hivyo. Mwenye mali akiingia kwa akaunti ya Microsoft siku ya kwanza, BitLocker, programu ya Windows ya kusimba diski, inafunga na kutuma ufunguo wa kurejesha kwenye akaunti hiyo. Mwizi akiiba, hasomi kitu. Siipingi hata kidogo.

Balaa huanza fundi anapoingia BIOS (programu inayoiwasha kompyuta) na kuzima Secure Boot, kinga ya wakati wa kuwaka, ili aweke Linux, mfumo mwingine badala ya Windows, au anapobadilisha ubao mama. Chipu ya TPM, inayotunza ufunguo wa diski, inaona hali si ile iliyoizoea, inagoma kutoa ufunguo, na skrini ya buluu inadai tarakimu 48 za ule ufunguo wa kurejesha.

Ndiyo maana mteja akifika, kabla ya kuongea bei namwambia aingie aka.ms/myrecoverykey kwa simu yake, tukiwa wote hapo. Baadhi ndipo wanapokumbuka kwamba akaunti ilifunguliwa na muuzaji, kwa barua pepe wasiyoijua. Heri ligundulike Windows ikiwa bado inawaka, kwa sababu dawa ipo: fungua Command Prompt kama msimamizi, andika `manage-bde -protectors -get C:` kisha nakili tarakimu zote kwenye karatasi. Karatasi, jamani! Wapo wanaohifadhi picha yake ndani ya diski ileile.

Kwa anayetaka Linux kando ya Windows, sishauri kuondoa usimbaji moja kwa moja. Punguza sehemu ya C ukiwa ndani ya Windows, maana kisakinishi cha Ubuntu, aina mojawapo ya Linux, hakiwezi kuipunguza ikiwa imefungwa, na matoleo mengine hugoma kuendelea hadi uzime BitLocker. Ukitaka kusasisha BIOS, simamisha BitLocker kwa muda kwa `manage-bde -protectors -disable C:` na uirudishe ukimaliza.

Windows ikifa kabisa, Linux inaweza kukuokoa. Cryptsetup, programu ya Linux ya diski zilizosimbwa, tangu toleo la 2.3, la mwaka 2020, hufungua diski za BitLocker: `cryptsetup open --type bitlk`, ukifuatisha jina la sehemu ya diski na jina utakalolipa, halafu tarakimu zako pamoja na vistari vyake. Nakili mafaili kwanza, ukarabati baadaye.

Mac zenye chipu za M1 na kuendelea husimba diski muda wote, hata usipowasha FileVault, kinga ya diski ya Apple. Kuiwasha kunafungamanisha ufunguo na nenosiri lako. Chipu ikiungua, hakuna fundi wa kuyatoa mafaili yale. Mwenye Mac namuuliza swali moja tu: nakala iko wapi?