Makanga wa Kisumu na jedwali la ukweli

Wewe uliyeripoti chuoni juzi ukakuta mantiki kwenye ratiba, nina neno nawe. Mimi nilikariri jedwali la ukweli, ile chati inayoonyesha ni lini sentensi ni kweli na ni lini ni uongo, kama mtoto anavyokariri tebo, na mtihani wa kwanza ukanibwaga. Nilianguka pale "ikiwa P, basi Q" (P na Q ni sentensi zozote mbili) inapohesabiwa kweli ilhali P ni uongo. Nilidhani mhadhiri amekosea ubaoni.

Aliyenifumbua macho ni makanga wa gari la Busia, stejini Kisumu. "Gari likijaa, tunaondoka!" Kujaa ni P, kuondoka ni Q. Sasa jiulize: ni lini utamwita mwongo? Ni gari likijaa na lisiondoke. Basi. Kama halijajaa na bado mmekaa, hajadanganya. Kama halijajaa lakini limetoka mbio kwa sababu askari wa kaunti wametokea, bado hajadanganya, maana hakuahidi lolote kuhusu gari lisilojaa. Hali ni nne, ya uongo ni moja. Na ukiona gari limeondoka, usiandike kwamba lilijaa! Kosa hilo ndilo nalikuta kila nikisaidia kundi jipya.

Baadaye nikajua ubishi huu ni wa kale. Philo wa Megara, mwanafalsafa Mgiriki wa karne ya 4 KK, alitoa kanuni hiyo hiyo, na mwalimu wake Diodorus Cronus akaikataa. Mshairi Callimachus aliwatania kwamba hata kunguru juu ya mapaa wanalilia suala la "ikiwa". Kwa hiyo lisipokuingia siku ya kwanza, usiulaumu ubongo wako.

Aristotle, mwanafalsafa wa kale wa Ugiriki, mpitie haraka, utamrudia. Kwa George Boole, aliyeandika mantiki kama aljebra (vitabu vya 1847, kisha 1854), shika jambo moja: x mara x ni x. Chagua ngege kwenye karai la samaki, kisha kati ya hao chagua ngege tena. Umebaki na wale wale.

Kwa Gottlob Frege, mwanahisabati Mjerumani, na kitabu chake cha 1879, kaa sana. "Kila mwanafunzi ana mama mboga anayemdai" si sawa na "Kuna mama mboga anayewadai wanafunzi wote." Ya pili ikiwa kweli, ya kwanza ni kweli pia (mradi tunazungumzia wanafunzi hao hao), kinyume chake hakifuati. Silojia za Aristotle (hoja za sentensi mbili zinazozaa ya tatu) hazikuwa na njia ya kuonyesha "kila" na "kuna" zikipishana nafasi namna hiyo. Frege aliipata. Mwaka 1902 mwanafalsafa Mwingereza Bertrand Russell alimwandikia barua kumwonyesha mkanganyiko ndani ya mfumo wake wa hesabu, wakati juzuu ya pili ya kitabu chake kuhusu mfumo huo ikichapishwa. Pole yake, lakini "kila" na "kuna" zake ndizo tunazotumia hadi leo.

Kabla ya kuandika alama yoyote, itamke sentensi kwa Kiswahili, au kwa Dholuo ukipenda, na uulize ni nini hasa kingeifanya iwe uongo. Anza na hii: "Wanafunzi wote hawakufika." Hakufika hata mmoja, au si wote waliofika? Mimi na mwenzangu wa chumba tuliibishania hadi stima ikapotea.