Nyimbo Mbili Anazozijua, Mmoja Asioujua: Ushauri kwa Anayetaka Kubuni Programu ya Kugundua Muziki

Toleo la kwanza la programu yangu lilikuwa na maswali kumi na mawili. Mtu akiifungua, kabla hajasikia chochote, nilimtaka achague aina za muziki anazopenda, wasanii watano, lugha, kasi, "hali ya moyo" na mengine niliyoyaona ya maana sana usiku ule nilipoyachora. Skrini zile nilijivunia. Zilikuwa na viduara vinavyodunda ukivigusa. Watu niliowapa waijaribu, wengi wao walifika swali la nne wakaiweka simu chini. Rafiki yangu mmoja aliniuliza kwa upole: "Hii ni programu ya muziki au fomu ya kuomba kazi?"

Wanaotaka kubuni kitu cha namna hii huniuliza watumie algoriti gani (kanuni za hesabu zinazochagua wimbo unaofuata), na mimi nilianzia hapohapo. Algoriti ina nafasi yake. Lakini sijaona mtu aliyefuta programu kwa sababu hesabu za ndani zilikuwa za kizamani. Watu huifuta kwa sababu imewachezea nyimbo tatu mfululizo wasizozijua, hawakuipenda hata moja, na hawaoni sababu ya kuusubiri wa nne. Kila wimbo mgeni unaomchezea mtu ni deni: umemkopa subira yake. Ukikopa mara nyingi bila kulipa, anafunga mlango.

Tatizo la kutomjua msikilizaji mpya ni la zamani kuliko simu janja. Mwaka 1994, katika chuo cha MIT nchini Marekani, kulikuwa na huduma iitwayo Ringo iliyofanya kazi kwa barua pepe: unawapa alama wasanii unaowajua, inatafuta watu wenye masikio kama yako, kisha inakurudishia majina ya wasanii ambao wenzako hao wanawapenda. Mwaka 2000, waanzilishi wa Pandora, huduma ya redio ya mtandaoni, walishika njia nyingine. Waliwakalisha wanamuziki wasikilize wimbo mmoja mmoja na kuandika sifa zake, mamia ya sifa, kuanzia mapigo hadi namna mwimbaji anavyotumia sauti. Kila njia ina tundu lake. Ile ya kufuata watu haina la kusema kuhusu wimbo uliotoka jana ambao hakuna aliyeucheza. Ile ya kufuata sifa itakuambia nyimbo mbili zina gitaa kavu na mwendo wa taratibu, isijue kwamba mmoja ni wa kubembeleza mtoto na mwingine ni wa mtu aliyeachwa. Changanya zote mbili, wala usipoteze miezi kubishana na wenzako ipi ni bora.

Maswali yangu kumi na mawili nimebakiza moja: taja wimbo ambao hujauchoka mpaka leo. Mtu anaandika herufi tatu nne, jina linatokea, anagusa, na wimbo huohuo unaanza kupigwa. Sikia vizuri: unapigwa wimbo wake kwanza, si wangu. Hapo deni linaanzia upande wangu likiwa limeshalipwa kidogo, na ule mgeni unaofuata anausikiliza kwa moyo mweupe.

Hili la kutanguliza kinachojulikana lilinichukua muda kulikubali, kwa sababu niliona kama ni kudanganya. Programu ya kugundua nyimbo mpya, halafu inacheza za zamani? Kisha nikasoma kisa cha Discover Weekly, ile orodha ya nyimbo 30 ambayo Spotify, huduma ya kusikiliza muziki mtandaoni, iliianzisha mwaka 2015 na kuibadilisha kila Jumatatu. Nia ya walioibuni ilikuwa kila wimbo uwe ambao msikilizaji hajawahi kuusikia. Kosa la kiprogramu likawa linapenyeza nyimbo chache alizokwisha kuzisikia. Walipolirekebisha, usikilizaji ukashuka, wakaamua kosa lirudi. Wimbo mmoja unaoujua kati ya wageni unakwambia kwamba aliyepanga orodha hii anakufahamu. Siku hizi kwa mtumiaji mpya naanza na nyimbo mbili anazozijua kwa mmoja mgeni, na kadiri anavyohifadhi nyimbo ngeni ndivyo ninavyougeuza uwiano. Akikataa ngeni mbili mfululizo, wa tatu lazima utoke kwa msanii anayemjua. Kanuni hii fupi ilinisaidia kuliko miezi miwili ya kuchokonoa hesabu.

Sasa suala la kuruka wimbo, ambalo nililielewa vibaya kwa muda mrefu. Nilidhani mambo ni mepesi: akiuruka, haupendi; akiumaliza, anaupenda. Mmoja wa wajaribu wangu akanilalamikia kwamba kila kitu anachopewa ni muziki wa kusinzia, na yeye ni mtu wa kuchangamka. Nilipofungua kumbukumbu zake nikacheka peke yangu. Alikuwa anawasha programu akiwa kitandani, usingizi unamchukua, simu inaendelea kupiga usiku kucha. Kwa hesabu zangu, mtu huyu alikuwa amesikiliza mamia ya nyimbo za taratibu hadi mwisho bila kuruka hata mmoja. Shabiki mkubwa!

Tangu hapo ukimya siuhesabu kama sifa. Simu isipoguswa kwa nyimbo kadhaa, kinachofuata hakihesabiki mpaka mtu aonekane tena. Kuruka nako kuna viwango. Anayeruka ndani ya sekunde tano mara nyingi hajaukataa wimbo, ameukataa mwanzo wake, au bado anatafuta kinachofaa kwa wakati ule. Anayeruka baada ya dakika nzima ameusikia, amepima, ameamua, huyo mwamini. Nikaongeza vitufe viwili mahali pa kimoja: "si sasa" na "usinipe tena". Nilihofu vitawachanganya watu. Wapi! Walivielewa haraka kuliko kitu kingine chochote nilichowahi kubuni, kwa sababu ndivyo watu wanavyojibiana hata pasipo simu.

Kuna mtego mwingine hapo. Rekodi nyingi zina namba ya ISRC, yenye herufi na tarakimu 12, na namba hiyo inatambulisha rekodi, si wimbo. Wimbo mmoja unaweza kuwa na toleo la albamu, la jukwaani, na lile lililosafishwa upya miaka ishirini baadaye, kila moja na namba yake. Usipoyaunganisha, mtu atagusa "usinipe tena" leo, na kesho atakutana na wimbo uleule umevaa koti jingine. Atakuona mkaidi. Hifadhidata ya MusicBrainz, iliyo wazi kwa umma, inasaidia sana kuunganisha matoleo hayo.

Niliwahi pia kujaribu kuanzisha kila wimbo kwenye kiitikio, nikidhani nawapunguzia watu muda. Siku za kwanza vitufe vya kuhifadhi viligongwa sana. Wiki ya pili watu wakawa wamechoka na hawajui kwa nini. Kiitikio bila beti zilizokitangulia ni kama kuingia kwenye hadithi watu wakiwa tayari wanalia. Nikarudisha mwanzo, nikaweka mguso mmoja wa kurukia mbele kwa mwenye haraka. Na sawazisha ukubwa wa sauti. Sikio huuona wimbo wenye sauti kubwa kuwa mtamu zaidi, hivyo usiposawazisha, rekodi tulivu inashindwa kabla haijapimwa. Spotify, kwa kawaida yake, husawazisha kwenye kiwango cha -14 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti jinsi sikio linavyousikia). Si lazima uige namba hiyo, ila chagua moja ushikamane nayo.

Rangi, maandishi, picha za albamu: fanya ziwe safi, usonge mbele. Hakuna anayezitazama. Simu iko mfukoni. Mtu anaruka wimbo kwa kubonyeza hedifoni, anahifadhi kwa kidole gumba akiwa anatembea. Apple inashauri eneo la kugusa lisipungue pointi 44 kwa 44 (pointi ni kipimo cha ukubwa kwenye skrini), na miongozo ya Android inataka 48 kwa kipimo chake, dp. Mimi kitufe cha kuhifadhi nilikifanya kikubwa kuliko hapo na kukiweka chini, gumba linapofika lenyewe. Kile cha mwanzo kilikuwa kimoyo kidogo juu kulia, kizuri, na hakikuguswa.

Ukitaka kuwapa nafasi wasanii wasiojulikana, na natumaini unataka, usiwarundike kwenye ukurasa wao wa pembeni. Huko hakuna anayekwenda. Weka wimbo wao mara tu baada ya ule ambao mtu ametoka kuuhifadhi. Wimbo uleule nikiuweka baada ya uliorukwa, unarukwa pia. Kisha mwambie kwa sentensi moja kwa nini umempa: "Mpiga besi wa wimbo uliopita ndiye anayeimba hapa." Zamani niliandika "unafanana kwa asilimia 87", na hakuna aliyewahi kuniuliza ile 87 ilitoka wapi.

Mwaka 2000 Jakob Nielsen, mtaalamu wa kupima urahisi wa kutumia tovuti na programu, aliandika kwamba watu watano wanatosha kukuonyesha makosa mengi ya usanifu, na kwangu imekuwa hivyo. Ila usiwakalishe mezani. Waache watembee, wewe fuata nyuma, nyamaza. Kuna kitu kimoja tu ninachokihesabu: ni wimbo wa ngapi ulimfanya mtu atoe simu mfukoni atazame jina la anayeimba. Toleo la kwanza, kwa wachache waliovuka maswali, ulikuwa wa tisa. Sasa ni wa nne, na mara moja moja wa tatu.