CT mbili za tumbo na hofu ya saratani ya damu
Pole kwa ajali, dada. Unauliza kama CT mbili za tumbo (picha za ndani ya mwili zinazopigwa kwa mionzi) ulizopigwa miaka 12 iliyopita zinaweza kukuletea saratani ya damu. Tunachojua zaidi kimetoka kwa manusura wa mabomu ya atomiki ya Hiroshima na Nagasaki, 1945: lukemia (saratani ya damu) ilianza kuongezeka takriban miaka 2 baadaye, ikafika kilele kati ya mwaka wa 6 na wa 8, kisha ikapungua, japo haikuisha kabisa. Waliopata dozi kubwa ya mionzi, hasa watoto, ndio walioumia zaidi. CT moja ya tumbo ni kama milisiveti (kipimo cha dozi ya mionzi) 10 tu. Hatari yako ni ndogo mno, na kipindi kibaya kimeshapita. Ila homa zisizoisha, michubuko bila sababu au fizi kutoka damu, usizipuuze: nenda ukapime damu.